Ngome ya Misagomine Yabomolewa kwa Asilimia Mia Moja na Nne

(Hotuba ya Mheshimiwa Kuwahara Mondo, waziri mkuu wa jimbo la Bwana Shiotsugi, aliyoitoa chini ya mlima Misagomine, mwezi wa kumi, mwaka wa kwanza wa enzi ya Genna, mbele ya Mkaguzi kutoka Edo na wananchi wapatao mia nane. Imeandikwa na karani aliyeketi karibu na ngoma.)

Mheshimiwa Mkaguzi Ayabe Gonzaemon, jicho la Serikali Kuu ya Edo, mbeba muhuri mwekundu, mpanda machela ya wabebaji sita, Mtukufu Bwana wetu Shiotsugi Norikata, ambaye hayupo nasi kutokana na mafua yaliyomshika ghafla alipopata habari kwamba Mheshimiwa Mkaguzi yuko njiani, lakini yupo nasi kwa moyo, na upepeo wake umewekwa hapa juu ya mkeka ili tuuinamie, mkuu wa hekalu, waheshimiwa wenye panga mbili, ndugu zangu wenye upanga mmoja, wananchi wenye majembe, akina mama wenye watoto mgongoni, na ninyi mliopanda juu ya paa la ghala la mpunga, ambao nawaomba mshuke kwa sababu paa lile halijafanyiwa tathmini, itifaki imezingatiwa.

(Hawakushuka.)

Nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kifani na unyenyekevu usio na mipaka, maana ni mimi, Kuwahara Mondo, mwana wa Kuwahara, mjukuu wa Kuwahara, niliyekabidhiwa jukumu zito la kusimamia, kuratibu, kutekeleza na kufuatilia ubomoaji wa ngome iliyokuwa pale juu, na baada ya mchakato shirikishi wa siku tisa natoa taarifa rasmi kwamba ubomoaji umekamilika kwa asilimia mia moja na nne.

(Makofi. Ngoma.)

Nimeliona jicho la Mheshimiwa Mkaguzi likiuliza hiyo nne imetoka wapi. Hiyo nne, Mheshimiwa, ni ari ya wananchi. Tuliagizwa tubomoe ngome, tukabomoa ngome. Halafu wananchi, bila kulazimishwa na mtu, wakabomoa na choo cha walinzi, ambacho hakikuwemo katika agizo.

(Kicheko upande wa wanawake. Mzee mmoja akawatuliza kwa mkono.)

Kwa faida ya wale waliokuwa wanavuna wakati agizo likisomwa, nikumbushe kwamba Edo imeelekeza kila bwana abaki na ngome moja tu, ili amani iliyopatikana kwa jasho isije ikachezewa. Bwana wetu ana makao yake kule mtoni, yenye handaki, daraja na bata. Hiyo ndiyo ngome yake moja. Ya pili, yaani hii ya Misagomine, ikawa haina budi kuondoka. Na bwana yeyote atakayekutwa na mbili atanyang'anywa ardhi, na waziri wake ataombwa kwa heshima zote apasue tumbo lake kwa mkono wake mwenyewe. Kifungu kinachofuata kinasema adhabu hiyohiyo inamhusu atakayepeleka Edo taarifa za uongo, kifungu ambacho nakisoma haraka kwa sababu hakituhusu.

(Mtu akakohoa muda mrefu.)

Ndugu wananchi, ngome ile ilikuwa na historia, na mtu asiyeijua historia ya kitu kilichobomolewa hawezi kujua ni nini hasa hakipo. Miaka tisa iliyopita, mwaka wa kumi na moja wa enzi ya Keicho, Serikali Kuu ilituandikia barua nzuri sana, yenye mwandiko wa kupendeza, ikituomba wanaume mia tatu na kumi na wawili waende Edo kuvuta mawe ya ngome kuu, mawe ambayo mengine, tuliarifiwa, yana ukubwa wa nyumba. Bwana wetu alitamani kuwapeleka. Alitamani mno. Lakini kwa bahati ambayo hakuna aliyeipanga, siku zilezile alikuwa tayari ameanza mradi wa kimkakati juu ya Misagomine wa kulinda njia ya milimani, na wanaume wote mia tatu na kumi na wawili walikuwa huko juu wakichimba msingi, wametapakaa udongo, hawawezi kuitwa hata kwa tarumbeta. Basi kwa masikitiko makubwa tukaijibu Edo hivyo, na Edo, kwa hekima yake, ikakubali, ikataka tu kila mwaka tuwe tunapeleka taarifa ya maendeleo.

Mwaka wa kwanza tuliripoti msingi. Mwaka wa pili tuliripoti lango la mashariki, la mbao za mierezi, lenye misumari mia nane.

(Sauti ya Jinroku, mkuu wa kijiji cha Shirataki: "Mimi ndiye niliyegongelea ile misumari, Mheshimiwa. Kidole hiki hapa mpaka leo hakikunjiki.")

Asante, Mzee Jinroku.

(Jinroku: "Na juu ya lango palikuwa na samaki wa dhahabu.")

Asante, Mzee Jinroku, kaa. Hapakuwa na samaki wa dhahabu. Mwaka wa tatu Edo iliuliza ngome ina ghorofa ngapi, tukajibu tatu. Mwaka wa nne, kufuatia mapitio ya mpango mkakati, na kufuatia wino uliodondoka kutoka kwenye kalamu ya karani wangu, zikawa tano. Na kwa kuwa serikali makini hairudi nyuma, mwaka wa tano tuliendelea na tano, tukaongeza kisima, maghala mawili, chumba cha kutazamia mwezi na walinzi thelathini wenye mishale. Mwaka wa sita Edo ikafurahi kiasi cha kututangazia kwamba inamleta mkaguzi aje ajionee. Tukaanza maandalizi. Tukafagia njia. Na siku nne kabla mkaguzi yule hajafika, ngome ikashika moto.

(Sauti za kusikitika, nyingi mno.)

Upepo ulikuwa mbaya. Theluji nayo ilikuwepo, lakini upepo ulikuwa mbaya kuliko theluji. Ulikuwa moto mkali kupita kiasi, moto ambao haukuacha hata jivu.

(Jinroku, akisimama tena: "Niliuona kwa macho yangu haya. Uliunguza mpaka nyusi za babu yangu.")

Mzee Jinroku, babu yako alifariki miaka kumi kabla ya moto.

(Jinroku: "Ndiyo maana nyusi hazikuota tena, Mheshimiwa.")

(Watu wa juu ya paa walicheka mpaka kigae kimoja kikaanguka. Mkaguzi akakitazama kigae kile.)

Turudi kwenye mada. Mkaguzi wa mwaka ule alionyeshwa mahali palipoungua akiwa chini hapa, kwa sababu theluji ilikuwa imefunga njia ya juu. Akasema pole, akala supu ya uyoga, akarudi. Ngome ikajengwa upya katika msimu mmoja, kubwa kuliko ile ya kwanza, na kuta nyeupe pe zilizoonekana kutoka majimbo matatu. Na haikujengwa kwa ajili ya mapambo. Mwaka wa nane walinzi wetu thelathini walizingirwa siku tatu mchana kutwa na adui ambaye kwa sababu za kiusalama sitamtaja.

(Sauti kutoka nyuma: "Nyani.")

Adui ambaye sitamtaja, aliyekuja kwa wingi, akishuka kutoka miti ya upande wa kaskazini, akashambulia akiba ya chakula cha ngome, yaani figili, akarudishwa nyuma kwa vigoma, makopo ya mianzi na matusi. Kwa upande wetu hakuna aliyeumia isipokuwa Bi Okume, aliyeng'atwa kisigino.

(Mwanamke mwenye kitambaa cha buluu kichwani akainua mguu kuwaonyesha waliokuwa karibu. Huyo ndiye Bi Okume, mjane, analima figili juu ya Misagomine.)

Hivyo ndivyo ilivyokuwa ngome yetu, ndugu zangu, kuta zake nyeupe zikimetameta jua linapochomoza, fahari ya jimbo—

(Jinroku, bila kusimama: "Nyeusi, Mheshimiwa. Zilikuwa nyeusi, zinang'aa.")

(Hapo Mheshimiwa Mkaguzi aliinua upepeo wake. Ngoma ikanyamaza. Mheshimiwa Kuwahara akainama, akabaki ameinama.)

(Mkaguzi akasema: "Nyeupe au nyeusi?")

Mheshimiwa Mkaguzi, swali zuri sana, swali la kitaalamu, na kwa kweli kulingana na mwanga, na kulingana na upande, na ukizingatia majira—

(Mkaguzi akasema: "Sikukuuliza wewe." Akageuka, akamnyooshea upepeo mwanamke mwenye kitambaa cha buluu. "Wewe mama. Nimeambiwa unalima kule juu. Umeishi chini ya kuta hizo miaka tisa. Zilikuwa na rangi gani?")

(Bi Okume alikuja mbele akichechemea, akapiga magoti, akagusa ardhi kwa paji la uso. Nilimwona Mheshimiwa Kuwahara akiweka kiganja tumboni.)

(Bi Okume: "Mheshimiwa, mimi ni mkulima wa figili. Kazi yangu ni ya kuinama. Tena mbele ya ngome ya Bwana wangu naanzaje kuinua uso na kuikodolea macho? Ningeonekana sina adabu.")

(Mkaguzi: "Miaka tisa hukuinua uso hata mara moja?")

(Bi Okume: "Nililelewa vizuri, Mheshimiwa.")

(Mkaguzi: "Sasa ngome haipo. Ukiinua uso unaona nini?")

(Bi Okume akainua uso, akautazama mlima kwa muda, kama mtu anayekagua nguo aliyoifua. "Naona anga, Mheshimiwa. Wamebomoa vizuri.")

(Kuna aliyecheka, na aliyemziba mdomo aliyecheka. Mkaguzi hakucheka. Alisimama, akatembea mpaka mbele ya Mheshimiwa Kuwahara, akazungumza kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu.)

(Alisema: "Mheshimiwa Kuwahara, nimepanda huko leo asubuhi. Nimeona vigae vilivyovunjika. Nimeona mawe. Jiwe moja limeota kuvu ya kijani upande wa chini, na kuvu hiyo huota panapopata mwanga. Nimekagua ngome kumi na moja zilizobomolewa tangu kiangazi, na kila moja imeacha mashimo ya nguzo. Hapa sikuona shimo hata moja.")

Mheshimiwa, mashimo nayo yalibomolewa. Hiyo ndiyo, kwa sehemu kubwa, ile asilimia nne.

(Mkaguzi akauliza: "Katika ujenzi wa ngome hii, kwa miaka tisa, walikufa watu wangapi?")

(Mheshimiwa Kuwahara alifungua karatasi yake, akaikunja. Nadhani hakukuwa na jibu lililoandikwa.)

Hakufa mtu, Mheshimiwa.

(Mkaguzi: "Hata mmoja.")

Hata mmoja.

(Mkaguzi akasema: "Kwetu waliitwa mia mbili kwenda kuvuta mawe ya Edo. Kamba ilikatika mlimani. Kumi na tisa chini ya jiwe moja, na mdogo wangu alikuwa mmojawapo. Jiwe lile sasa liko kwenye ukuta wa kusini. Nikipita hapo huwa natafuta ni lipi.")

(Akafungua sanduku la muhuri mwenyewe, bila kumwita msaidizi. Akaweka cheti juu ya goti, akapuliza wino, akagonga muhuri mara mbili. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Ngome ya Misagomine haipo. Nimeona kwa macho yangu. Nitaandika kwamba katika majimbo yote, huu ndio ubomoaji uliofanyika kwa uangalifu kuliko mwingine wowote." Akaingia kwenye machela.)

(Wabebaji sita wakamwinua. Watu wote wakainama mpaka machela ikapita. Mheshimiwa Kuwahara aliendelea na hotuba ili isionekane kwamba ilikuwa imesimama.)

Kwa hiyo, ndugu wananchi, kama nilivyokuwa nikisema, katika robo ijayo ya mwaka, wadau wote, kwa kushirikiana, kwa kuzingatia, kwa kuendeleza—

(Mtu juu ya paa: "Wamefika darajani.")

—kwa kuimarisha, kwa kupanua wigo, kwa kuhuisha—

(Juu ya paa: "Wamevuka.")

—na kwa kuweka mazingira wezeshi—

(Juu ya paa: "Wamepita kona. Haonekani tena, Mzee Mondo. Kaa chini upumue.")

(Mheshimiwa Kuwahara alikaa juu ya upepeo wa Bwana wetu. Ukavunjika. Watu walicheka, walipiga ngoma, walirushiana kofia za majani. Wengine walilia na kucheka kwa pamoja, na Jinroku akabebwa juu juu. Ilichukua muda kama wa kupika wali kabla hotuba haijaendelea.)

Nimesema itifaki imezingatiwa, mkae. Nina shukrani za kutoa, na shukrani zangu ni ndefu.

Namshukuru mkuu wa hekalu, aliyetoa vigae elfu nne vilivyovunjika kutoka paa lake la zamani, vikapandishwa mlimani kwa mabega yenu ndani ya siku tisa, mkavimwaga, mkavipanga upya ili vionekane havikupangwa. Namshukuru Mzee Jinroku, aliyepewa uongo mdogo wa kusema akaja na mkubwa kuliko alioagizwa. Mzee Jinroku, ukirudia tena nitakufunga. Namshukuru mwenye jiwe lenye kuvu, ambaye nilimwambia aligeuze na akasema ameligeuza. Namshukuru karani wangu kwa lile tone la wino, ingawa ghorofa mbili za ziada zilinikosesha usingizi miaka mitano.

(Ni kweli. Naomba radhi.)

Na Bi Okume, dada yangu, nilikuwa nimekuandalia maneno ya kusema, umeyaacha yote ukasema ya kwako. Hati itaandikwa. Ule mlima ni wa figili zako, na watoto wako, na nyani ukipenda.

(Bi Okume: "Nyani sitaki, Mzee Mondo. Waandikie hati yao mahali pengine.")

Sasa nawaambia jambo ambalo halimo katika karatasi. Siku ile barua ya Edo ilipokuja, Bwana wetu aliisoma mara tatu, akaniuliza, "Mondo, wanaume mia tatu na kumi na wawili ni wangapi?" Nikamjibu, "Mtukufu, ni wote." Akaiacha chai ikapoa. Mimi nilidhani anatafuta namna ya kuwagawa, nusu waende mwaka huu, nusu mwakani, na nilikuwa tayari nimeanza kupanga majedwali, kwa sababu mimi ni mtu wa majedwali. Yeye akasema, "Waandikie kwamba wana kazi." Nikauliza, "Kazi gani, Mtukufu?" Akatazama nje, akauona mlima. "Ngome," akasema. Nikamwambia hatuna mbao, hatuna mawe, hatuna mjenzi hata mmoja anayejua ngome inaanzia wapi. Akasema, "Basi haitatusumbua." Akapiga chafya. Mafua yake yalianza siku hiyo, na yamekuwa yakimrudia kila Edo inapoandika.

(Kicheko, cha chini kuliko vile vya mwanzo.)

Naomba wale wanaume mia tatu na kumi na wawili, waliokuwa wakichimba msingi, wakigongelea misumari, wakizima moto na kujenga upya, wasimame. Karani, hesabu.

(Walisimama. Wengine walikuwa na mvi sasa, wengine walikuwa na watoto mabegani, na ilikuwa vigumu kuhesabu kwa sababu watoto nao walitaka kuhesabiwa. Nilihesabu mara mbili. Walikuwa mia tatu na kumi na mmoja.)

Anayekosekana ni nani?

(Sauti kutoka safu ya Shirataki: "Heisaku, Mheshimiwa. Yuko nyumbani. Mkewe anajifungua tangu asubuhi.")

(Mheshimiwa Kuwahara alifungua karatasi yake mahali palipoandikwa kaulimbiu. Alisema "Ubomoaji", na watu wakajibu "oyee". Alisema "Uwajibikaji", na watu wakajibu "oyee". Alianza ya tatu, akaiacha njiani. Akaikunja karatasi.)

Kwa hayo machache, na kwa mamlaka niliyopewa, natamka rasmi kwamba ngome ya Misagomine, ambayo haikuwahi kuwepo, kuanzia leo haipo tena. Kaeni. Hapana, msikae, bakini hivyohivyo kidogo niwatazame.

Asanteni sana kwa kutoijenga.